Wakili, Talaka na Watoto wa Nyumba Iliyogawanyika

Wakatekumeni wapendwa, wengi kati yenu mwajitayarisha kwa ubatizo hali mmekwisha kuoa au kuolewa kwa desturi ya wazee wetu. Mbuzi wametolewa, watoto wamezaliwa. Kila mwaka, tufikapo kwenye mafundisho ya Sakramenti ya Ndoa, mkono mmoja huinuka huko nyuma, na swali huwa lile lile: "Mwalimu, nyumba ikiharibika, twende kwa nani? Na watoto ni wa nani?" Somo la leo lajibu swali hilo kwa kueleza kazi ya mtu ambaye vijijini twamwogopa bure, au twamtumainia kupita kiasi. Ndiye wakili, ambaye Butembo na Beni watu humwita avoka.

Kwanza mjue asichoweza kufanya. Wakili hana uwezo wa kuvunja ndoa. Mume naye hana, hata akimwambia mkewe mara tatu, "Rudi kwenu." Wazee wa ukoo nao hawana, hata kama mbuzi wamerudishwa wote mpaka wa mwisho. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016, yakataza kumfukuza mke na kuiita hiyo talaka. Talaka ni hukumu ya hakimu wa Mahakama ya Amani tu. Wakili ni mtu wa kushauri, kuandika na kusema mbele ya hakimu kwa niaba ya mmoja wao. Nasema mmoja, maana hawezi kuwatetea mume na mke pamoja katika kesi moja. Tena maneno aambiwayo ni siri, wala haruhusiwi kuyatangaza sokoni.

Basi tuseme mwanamke aitwaye Masika atelemka kutoka kijijini, afika Butembo kwa wakili, na kusema, "Nataka talaka." (Majina haya ni ya mfano tu, kila kijiji chetu kina Masika wake na Kambale wake.) Wakili asiyefaa huchukua kalamu papo hapo na kutaja bei. Wakili mwema huweka kalamu chini, akauliza, "Mama, wataka nini hasa?" Hapo mara nyingi latokea jambo jingine. Masika ataka Kambale alipe karo ya watoto, kwa kuwa fedha za kahawa zaishia kwenye pombe. Au ataka apigwe tena kamwe. Au shamba lataka kuuzwa bila yeye kujua, naye ndiye alilimaye. Kila moja la mambo hayo lina njia yake. Matunzo ya nyumba na watoto yaweza kudaiwa mbele ya hakimu bila kuomba talaka. Kupigwa ni kosa la jinai, na aliyepigwa ana haki ya kukimbilia mahali pa salama mara moja. Hata sheria ya Eklezia yamruhusu kuishi mbali na mwenzake akiwa hatarini, na ndoa yao yabaki. Mwanamke asidhani kwamba lazima amwombe mumewe ruhusa ya kwenda kwa wakili. Zamani mke alihitaji idhini ya mume kwa mambo mengi ya kisheria, lakini marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa sharti hilo.

Wengine huuliza kama mkristo aweza kuwa wakili wa kesi za namna hii bila kutenda dhambi. Papa Yohane Paulo wa Pili alilisema jambo hili tarehe 28 Januari 2002, alipozungumza na mahakimu wa Rota, mahakama ya Eklezia iliyoko Roma. Alifundisha kwamba wakili yampasa kukataa kuitumia kazi yake kwa kusudi la kuvunja ndoa. Lakini aweza kusaidia ikiwa nia ya mteja si kuvunja ndoa, bali kupata haki nyingine njema ambayo katika nchi yake haipatikani ila kwa njia ya mahakama hiyo. Katekisimo ya mwaka 1992 nayo yakubali kwamba talaka ya serikali yaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda watoto, haki fulani, au urithi. Mwaona basi kwamba swali lile, "Wataka nini hasa?" si la adabu tu. Juu ya jibu lake wakili huamua kuichukua kesi au kuikataa.

Ikiwa kesi yaendelea, hakimu hatoi hukumu siku ya kwanza. Sheria yamlazimisha kwanza kujaribu kuwapatanisha. Mume na mke wafike wenyewe. Kaka mkubwa hawezi kutumwa mahali pao. Wakili mwema haoni haya wakipatana hapo, ijapokuwa amepoteza kesi. Wakishindwa kupatana, hakimu achunguza kama kweli maisha ya pamoja hayawezekani tena. Ugomvi wa msimu mmoja haumtoshi.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, yaani watoto, maana hapo ndipo watu wetu hukosea zaidi. Kambale atasema, "Nalitoa mbuzi, basi watoto ni wangu." Maneno hayo hayakutoka hewani. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Huko hupata jina lake, na huko atatafuta shamba la kulima. Si desturi mbaya, kwa kuwa yampa mtoto mahali pa kusimama. Ila desturi hiyo yasema mtoto ni wa ukoo gani, wala haisemi usiku wa leo akiwa na homa ni nani atakayeamka. Hakimu aulizwa swali hili la pili.

Sheria yasema hivi. Yule aliyepewa talaka kwa haki yake ndiye kwa kawaida hukabidhiwa watoto; lakini hakimu aweza kuamua vingine kwa faida kubwa zaidi ya watoto, akawakabidhi wote au baadhi yao kwa mzazi wa pili, au hata kwa mtu wa tatu, kama vile nyanya yao. Asiyekabidhiwa hakuacha kuwa mzazi. Ana haki ya kuwaona, na ana deni la kuwalisha na kuwasomesha kadiri ya uwezo wake. Tena sheria yetu ina neno ambalo ningependa kila kijana alijue: kila mtoto Mkongo hana budi kuwa na baba, wala hakuna mtu aliye na haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa katika ndoa au nje yake.

Kwa hiyo wakili mwema, kabla ya kwenda mahakamani, huuliza maswali madogo madogo. Nani huwapeleka watoto zahanati? Shule iko umbali gani kutoka kwa baba, na kutoka kwa mama? Nyumbani kwa baba yuko mke mwingine, na watoto wa kwanza wala sahani gani? Njia ni salama? Swali hili la mwisho ni zito kwetu. Tangu mauaji yalipoanza katika teritware ya Beni mwezi wa Oktoba 2014, jamaa nyingi zimekimbilia Oicha, Beni mjini na Butembo, na mtoto hawezi kurudishwa kwenye kijiji kilichokimbiwa kwa sababu tu baba yake ana haki ya shamba huko.

Kisha wakili huyo humwonya mteja wake mwenyewe, na hapa ndipo tumpimapo. Amwambia Masika, "Usiwaambie watoto kwamba baba yao ni mchawi." (Neno la uchawi ndilo la kwanza kutamkwa katika kesi hizi, na la mwisho kuthibitishwa.) Amwambia Kambale, "Usimfiche mtoto kwa ndugu yako kule Mangurujipa, hakimu atajua, nawe utaharibu kesi yako, na mtoto atakosa mwaka wa shule." Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yaweka faida ya mtoto mbele, na yampa mtoto mwenye akili ya kupambanua haki ya kusema maoni yake. Ni haramu kumfundisha maneno ya kusema. Mimi nifundishaye watoto wadogo naweza kuwatambua wa nyumba zilizogawanyika bila kuambiwa: Jumatatu mtoto aja kutoka kwa baba bila daftari, kwa kuwa daftari limebaki kwa mama. Ukimwuliza ampenda nani zaidi, atazama miguu yake.

Mnakumbuka hukumu ya Mfalme Solomoni juu ya wanawake wawili na mtoto mmoja. Hakimu wa Butembo hana upanga, lakini atafuta kitu kile kile: ni yupi aliye tayari kupoteza ili mtoto asiumie. Wakili aliye mkweli aweza hata kumshauri mteja wake akubali watoto wakae kwa mwenzake siku za shule, nao waje kwake wakati wa likizo. Watu watamcheka mteja kwamba ameshindwa. Wacheke.

Yabaki maswali ambayo wakatekumeni huniletea baada ya somo.

Swali: Mahakama ikinipa talaka, naweza kufunga ndoa nyingine kanisani?
Jibu: Hapana. Ndoa ya wabatizwa wawili, ikiisha kukamilika, haifunguliwi na uwezo wowote wa binadamu. Hukumu ya serikali yagusa mali, watoto na hati, wala haikigusi kifungo chenyewe. Lakini aliyeachwa bila kosa lake, asiooe au kuolewa tena, hazuiliwi Sakramenti kwa sababu ya talaka hiyo.

Swali: Na yule aliyelazimishwa kuolewa?
Jibu: Amwone padri. Mahakama ya Eklezia yaweza kuchunguza kama palikuwa na ndoa tangu mwanzo, maana pasipo hiari hapana ndoa. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha njia hii, hata hukumu moja yatosha pasipo ya pili kuithibitisha.

Swali: Mimi nina wake wawili, nataka ubatizo. Nimfukuze mmoja?
Jibu: Utabaki na mmoja, naye ni vema awe wa kwanza, ikiwa ni vigumu sana kubaki naye, padri atakuongoza. Lakini Eklezia yadai kwamba yule anayeachwa apatiwe mahitaji yake kwa haki na mapendo, na watoto wake ni wako kama jana. Askofu mwenyewe hana budi kuangalia jambo hilo.

Kuhusu fedha, mteja na wakili wapatane bei mapema, na iandikwe. Asiye na kitu aulize ofisi ya mashauri ya bure ya mawakili, ambayo sheria ya mawakili ya mwaka 1979 yaitambua, au aanzie kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia. Achukue hati ya ndoa, hati za kuzaliwa za watoto, risiti za karo na karatasi za zahanati. Asiye na hati za kuzaliwa azitafute kwanza katika komini au kwa mwami, kabla ya kulipa nauli ya kwenda mjini.