Kiko cha kwanza: cha udongo au cha mti?

Swali: Ninaishi Himbi, hapa Goma. Wazee wetu wa Masisi walivuta kiko cha udongo. Mimi ninayeanza, ninunue cha namna gani?

Jibu: Ndugu msomaji, chukua cha mti. Udongo hauharibu ladha ya tumbaku, lakini unapata moto upesi na kumuunguza asiyezoea. Tena kikidondoka juu ya mawe yetu ya volkano, kimekwisha. Mti bora ni mzizi wa mmea uitwao erika, kwa sababu hauungui ovyo. Erika inaota hata Ruwenzori, ila viko vya dukani hutengenezwa kwa ile ya pande za Mediterania.

Kabla ya kulipa, chomoa mrija, uchungulie tundu la moshi. Lazima litokee chini kabisa ya bakuli. Likiwa juu, tumbaku ya chini italowa na haitawaka. Ukuta wa bakuli usiwe mwembamba, usipungue milimita 5 hivi. Kilichopakwa vanishi ndani, kirudishe. Chagua kilichonyooka, kusafisha ni rahisi.

Lakini nikuambie wazi: hata usipomeza moshi, kiko huleta saratani ya mdomo na koo. Kama bado hujavuta, nakusihi usianze.