Fuata Petroli Inakopita: Somo la Kutafuta Hitilafu ya Mafuta kwenye Pikipiki Iliyotumika

Si kila pikipiki inayobeba abiria katika makutano ya Emali ilitoka dukani ikiwa mpya. Nyingine zimepitia kwa mwenye wa kwanza na wa pili, na nyingine zimekaa miezi kadhaa chini ya mti zikisubiri mnunuzi. Pikipiki ya namna hii inaweza kuwa na injini nzima kabisa, lakini ikakataa kuwaka asubuhi, ikazima katikati ya barabara ya Mombasa abiria akiwa amebebwa, au ikanywa petroli kuliko pesa inazoingiza.

Ushauri wa kwanza anaopewa mhudumu mara nyingi ni huu: "Badilisha kabureta." Huenda ni kweli. Lakini huenda pia shida ni tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tangi lililozibwa na vumbi, kazi ya dakika chache isiyohitaji spea yoyote. Kwa mhudumu anayelipa mkopo kila wiki, au anayempelekea mwenye pikipiki hesabu kila jioni, kukosea hapo ni kupoteza pesa za spea na kazi ya siku nzima.

Somo hili lina kanuni moja: usinunue spea kabla hujajua petroli imekwama wapi. Petroli ina njia moja tu ya kupita. Inatoka kwenye tangi, inapita kwenye koki, inashuka kwa paipu, inaingia kwenye kikombe cha kabureta, kisha inavutwa kupitia matundu madogo yanayoitwa jeti, inachanganyika na hewa na kuingia kwenye injini. Ukiifuata njia hiyo kwa mpangilio, utaifikia hitilafu. Maelezo haya yanahusu pikipiki zenye kabureta, ambazo ndizo nyingi kwenye steji zetu.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Zima injini na uiache ipoe. Fanya kazi nje, mahali penye hewa, mchana. Usivute sigara, na usitumie koroboi, kiberiti au mshumaa kuangalia ndani ya tangi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na unaweza kufikia jiko lililo mbali nawe kisha moto ukarudi hadi ulipo.

Usivute petroli kwa mdomo kupitia paipu. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kumlaza mtu hospitalini. Mtu akimeza petroli, msimlazimishe kutapika. Mpelekeni kituo cha afya mara moja. Chupa utakayotumia kupimia usiiache ikizagaa nyumbani, kwa maana mtoto anaweza kudhani ni soda.

HATUA YA KWANZA: NI MAFUTA KWELI?

Injini inahitaji petroli, hewa na moto wa plagi. Pikipiki ikikataa kuwaka, piga kiki mara kadhaa, kisha fungua plagi uitazame. Plagi ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki kwenye injini, na somo hili linakuhusu. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika. Hapo shida ni mafuta yaliyozidi au moto dhaifu wa plagi. Kazi ya kupima moto wa plagi mwachie fundi, kwa sababu cheche karibu na petroli ni hatari.

Tazama pia moshi. Moshi mweusi unamaanisha petroli ni nyingi kuliko hewa. Moshi wa buluu unamaanisha injini inachoma oili, na hiyo ni kazi ya ringi au vali. Ukiambiwa ununue kabureta kwa sababu ya moshi wa buluu, uliza tena. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi unaopotea baada ya muda mfupi ni mvuke wa maji tu.

HATUA YA PILI: TANGI NA KIFUNIKO CHAKE

Petroli hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake. Ili ishuke, lazima hewa iingie juu yake kupitia tundu dogo kwenye kifuniko. Kwenye njia za vumbi kama zile za Mulala, tundu hilo huziba kwa urahisi. Dalili yake ni hii: pikipiki inawaka vizuri, inatembea kilomita kadhaa, kisha inazima kana kwamba mafuta yameisha. Ukisubiri kidogo, inawaka tena.

Ikizima hivyo, simama mahali salama na ufungue kifuniko. Ukisikia mlio wa hewa ikivutwa ndani, kisha pikipiki ikawaka na kutembea, umempata mhalifu. Safisha tundu hilo kwa hewa ya pampu. Usitembee na tangi wazi wala usizibe kwa kitambaa.

Ukiwa hapo, mulika ndani ya tangi kwa tochi ya umeme. Tangi la pikipiki iliyokaa muda mrefu huwa na kutu. Unga mwekundu wa kutu ndio unaoshuka kuziba kila kitu kilicho chini. Kusafisha kabureta na kuliacha tangi lenye kutu ni sawa na kufagia nyumba huku upepo ukiingiza mavumbi mlangoni.

HATUA YA TATU: KOKI NA PAIPU

Anza na lililo rahisi: koki imefunguliwa? Pikipiki inaweza kuwa imefika kwenye akiba, na unachohitaji ni kugeuza koki upande ulioandikwa RES.

Kisha funga koki, chomoa paipu upande wa kabureta, elekeza mdomo wake kwenye chupa safi inayopitisha mwanga, na ufungue koki. Petroli inapaswa kutiririka bila kukatika. Ikidondoka tone kwa tone, fungua kifuniko cha tangi ujaribu tena. Ikianza kutiririka, shida ni kifuniko. Isipobadilika, shida ni chujio la ndani ya koki, paipu iliyokunjika, au filta iliyojaa uchafu.

Usiimwage petroli ya chupa bado. Iache itulie dakika kumi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, na lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 750. Kwa hiyo maji yaliyochanganyika na petroli hukaa chini. Ukiona mstari unaotenganisha vimiminika viwili, au matone yanayoviringika chini ya chupa, tangi lako lina maji na linahitaji kutolewa mafuta yote na kukaushwa.

HATUA YA NNE: KABURETA

Chini ya kabureta kuna skrubu ya kumwaga mafuta ya kikombe. Ifungue juu ya chupa, koki ikiwa wazi. Petroli ikitiririka mfululizo, njia yote ya juu ni nzima na shida iko ndani ya kabureta. Ikitoka kidogo na kukatika, rudi juu. Jaribio hili moja linaigawa njia mara mbili na kukuokolea muda mwingi.

Ndani ya kikombe kuna boya, ambalo mafundi huliita floti, na sindano inayofunga mlango wa mafuta kikombe kikijaa. Sindano ikichakaa au ikinaswa na uchafu, mafuta hayakomi kuingia. Utaona petroli ikidondoka kutoka kwenye kabureta hata pikipiki ikiwa imesimama. Usiiendeshe pikipiki inayodondosha petroli. Injini yenye joto iko hapo chini. Pima pia oili ya injini. Ikiwa imepanda kuliko ulivyoiweka na inanuka petroli, mafuta yamevuja hadi ndani ya injini. Oili hiyo imekuwa nyepesi na haiwezi kulinda vyuma. Rekebisha sindano na ubadilishe oili kabla ya kuwasha. Ndiyo maana ni vizuri kufunga koki kila usiku.

Jeti nazo zinajieleza. Pikipiki ikiwaka kwa choki tu, kisha ikazima unapoachilia mafuta, jeti ndogo imeziba. Ikinguruma vizuri ikiwa imesimama lakini ikakosa nguvu unapovuta mafuta kupanda mlima, jeti kubwa imeziba au petroli inashuka polepole. Petroli iliyokaa miezi mingi huacha gundi kwenye matundu haya, na hilo ni tatizo la kawaida kwa pikipiki iliyonunuliwa ikiwa imesimama.

Jeti husafishwa kwa dawa ya kabureta na hewa yenye nguvu. Usiitoboe kwa waya wa chuma. Jeti ni ya shaba nyeupe, na waya huongeza upana wa tundu. Pikipiki itawaka, lakini itakunywia petroli maisha yake yote. Kabla ya kufungua skrubu ya hewa, ikaze polepole hadi ikome huku ukihesabu mizunguko, uandike idadi yake, kisha urudishe ilivyokuwa.

HATUA YA TANO: HEWA

Filta ya hewa iliyojaa vumbi hunyima injini pumzi: moshi mweusi, plagi nyeusi, petroli kuisha haraka. Filta ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. Ile ya karatasi haioshwi. Hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, au hubadilishwa.

Wapo wanaoitoa filta kabisa ili pikipiki "ipate nguvu". Nguvu hiyo ni ya muda. Vumbi linaloingia husaga silinda na ringi, na hapo ndipo moshi wa buluu huanza. Kagua pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, hewa huingia pasipotakiwa, na injini hupanda mlio yenyewe bila kuvutwa mafuta.

PETROLI YENYEWE

Ikiwa kila kitu ni kizima na pikipiki bado inagonga, inatoa moshi na kukosa nguvu tangu ulipojaza mara ya mwisho, shuku mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haiungui vizuri kwenye injini hii, na sehemu isiyoungua hupita kwenye ringi na kuifanya oili kuwa nyepesi. Mwaka 2018 Serikali ya Kitaifa iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo.

Dondoshea tone la petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka na kuacha alama hafifu. Doa la mafuta likibaki muda mrefu, una sababu ya kushuku. Jaribio hili si ushahidi wa kutosha kumshtaki mtu. Ushahidi ni kipimo cha Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA), ambayo hukagua mafuta vituoni. Nunua kwenye kituo chenye leseni, omba risiti, na upeleke malalamiko kwa mamlaka hiyo. EPRA hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli tarehe 14 ya kila mwezi. Petroli ya chupa kando ya barabara inayouzwa chini sana ya bei ya vituo inastahili swali kabla ya kuingia kwenye tangi lako.

UNAPONUNUA PIKIPIKI ILIYOTUMIKA

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini baridi haifichi mambo. Iwashe mwenyewe, kisha uzime choki ikipata joto. Tazama ndani ya tangi, nusa oili, angalia chini ya kabureta kama kuna unyevu. Iendeshe kilomita kadhaa, si kuzunguka uwanja tu, kwa sababu kifuniko kilichoziba hakijitokezi mapema. Hakikisha pia nambari za fremu na injini zinalingana na zile za logbuku.

Pikipiki za kisasa zinazopuliza mafuta kwa umeme hazina jeti wala boya. Taa ya injini ikibaki imewaka kwenye dashibodi, tafuta fundi mwenye kifaa cha kuisoma. Usizoee kutembea na tangi karibu tupu, kwa kuwa pampu iliyo ndani yake hupozwa na petroli.

JIPIME

1. Pikipiki inazima baada ya kilomita nane, inawaka ukisubiri kidogo. Utaanzia wapi?
2. Plagi imelowa, oili imepanda na inanuka petroli. Je, uwashe uende gereji?
3. Skrubu ya kikombe inatoa petroli mfululizo, lakini injini inazima ukiondoa choki. Hitilafu iko juu au chini ya kikombe?

Majibu: (1) Kwenye tundu la hewa la kifuniko cha tangi. (2) Hapana. Funga koki, isukume au ibebwe; sindano irekebishwe na oili ibadilishwe kwanza. (3) Baada ya kikombe: jeti ndogo.

Ukifika kwa fundi, mweleze ulichojaribu na ulichoona, na umwombe akuonyeshe spea ya zamani aliyoitoa. Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii iwe riziki wanaweza kuulizia mafunzo ya umakanika katika vyuo vya ufundi vya Kaunti ya Makueni.