Radhi na Msamaha: Tofauti ya Kimaana

Radhi na msamaha huchukuliwa na wengi kuwa visawe, kwa kuwa asemaye "niwie radhi" na asemaye "nisamehe" huonekana kuomba jambo moja. Dai hilo halitoshelezi. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini msamaha huondoa deni au adhabu. Ndiyo maana upo msamaha wa kodi, na Rais huweza kumsamehe mfungwa asiyemjua. Radhi ya kodi haipo. Radhi ni kuridhika kwa moyo, nayo ina shina moja na ridhia na ridhika. "Niwie radhi", yaani uwe radhi kwangu, humtaka mkosewa ageuke moyoni.

Katika utendi wa Mwana Kupona (1858), mwanamke hutakiwa kupata radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Hapo hakuna kosa lililotajwa. Radhi hutafutwa hata na asiyekosa. Vivyo hivyo, mwana aliyekwisha kusamehewa na mzazi aweza bado kukosa radhi zake, hali iliyo jirani na laana. (Mtangazaji aombapo radhi kwa kukatika matangazo, bila shaka, uzito huo haumo.)