MX-5 inanesanesa: nifunge springi fupi?

Swali: Mazda MX-5 yangu ya 2016 hunesanesa nikipita kwa kasi kwenye lami yenye mawimbi. Shokapu ni za kiwandani, hazivuji. Nifunge springi fupi?

Jibu: Usianzie hapo, ndugu. Springi hubeba gari; kinachotuliza mdundo ni shokapu, na za kiwandani zimelegezwa kwa ajili ya starehe. Springi fupi na ngumu juu ya shokapu hizohizo zitazidisha kudunda, tena utagonga raba za kikomo kila tuta. Pima upepo kwanza: 29 psi, tairi zikiwa baridi. Kisha weka shokapu za Bilstein, kampuni ambayo Mazda yenyewe iliitumia kwenye toleo la Club la Marekani. Wakati wa kuzifunga, boliti za bushi zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, si likining'inia kwenye jeki. Mafundi wengi hulipuuza hilo, bushi zikachanika mapema.