Kubishana Habari za Teknolojia Barazani Bila Kuhatarisha Pesa Zako

Pita Mji wa Kale jioni, kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni, utawakuta watu wamekaa barazani, kahawa chungu inazunguka na mabishano yamepamba moto. Zamani ilikuwa mpira na siasa. Siku hizi teknolojia nayo ina kiti chake: intaneti imekatika, kuna mashine inayopiga picha macho, laini zisizosajiliwa zitafungwa.

Kubishana si vibaya, maana mtu hujifunza kwa kuuliza. Hatari ni pale mteja anapoinuka barazani na kwenda moja kwa moja kutoa pesa zake zote, au kumtajia mtu PIN, kwa sababu ya habari aliyoisikia nusu. Matapeli hufuata habari kama nzi anavyofuata halua. Habari ikivuma leo, kesho utapata ujumbe au simu inayotumia habari hiyo hiyo kukutia hofu.

Somo hili lina maswali manne. Yatumie kila mnapobishana habari ya teknolojia inayogusa simu yako au pesa zako.

Swali la 1: Ni nani aliyesema, na lini?

Tuchukue mfano. Kijana anafika barazani na simu mkononi.

"Ami, umesikia? Kamba ya intaneti baharini ishakatika. Yasemekana pesa zote za simu zitapotea!"

"Ni nani alokwambia, mwanangu?"

"Nimetumiwa kwenye grupu."

"Na huyo alokutumia, ametumiwa na nani? Na ni ya lini?"

Mzee amefanya jambo la maana. Hajamwita kijana muongo, ila ameuliza chanzo na tarehe. Kwenye WhatsApp, ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, jua umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Wala kupita mikono mingi si ushahidi kwamba ni kweli.

Tarehe ni muhimu kwa sababu habari ya kweli iliyochakaa hudanganya sawa na uongo. Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliwataka wenye laini wahakikishe usajili wao kabla ya tarehe 15 Aprili, kisha muda ukaongezwa hadi tarehe 15 Oktoba mwaka huo huo. Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini mtu akikupigia simu leo akakwambia "laini yako yafungwa usiku huu, nitajie PIN nikusaidie", anatumia habari ya kale kukuibia.

Swali la 2: Kitu chenyewe hufanyaje kazi?

Hapa ndipo mabishano mengi yanapoishia hewani, kwa sababu kila mtu ana maoni na hakuna aliyeeleza kitu chenyewe. Turudi kwenye ile kamba, maana ni jambo la hapa hapa kwetu.

Mombasa ni mlango wa intaneti ya Kenya. Kabla ya mwaka 2009 nchi ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka huo kamba ya TEAMS, yenye urefu wa takriban kilomita 5,000, ilifika Mombasa ikitoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. SEACOM nayo ilianza kazi Julai 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Ndani ya kamba hizi mna nyuzi nyembamba za kioo, na habari husafiri ndani yake kwa mwanga.

Je, hukatika? Ndiyo. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa, nanga ikaikata kamba ya TEAMS. Tena tarehe 12 Mei 2024 kamba za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito Kenya, Tanzania na nchi nyingine za eneo hili. Kwa hivyo kijana wetu hakutunga kitu. Kamba kweli hukatika.

Sasa je, pesa hupotea? La. Salio unaloliona kwenye simu ni hesabu iliyoandikwa kwenye mitambo ya kampuni inayokuhudumia. Pesa zenyewe, kwa utaratibu wa Kenya, huwekwa benki katika akaunti ya amana kwa niaba ya wateja. Hakuna shilingi yako inayopita baharini ikangoja kuliwa na samaki. Isitoshe, ile menyu unayofungua kwa nyota na reli hupitia mtandao wa simu na haihitaji bando la intaneti.

Hii haina maana kwamba huduma haiwezi kukwama. Inaweza. Programu inaweza kukataa kufunguka, ujumbe wa kuthibitisha unaweza kuchelewa. Lakini huduma kukwama ni kitu kimoja, na pesa kupotea ni kitu kingine kabisa. Anayevichanganya viwili hivi, ama hajaelewa, ama anataka ukimbie ovyo.

Swali la 3: Natakiwa nitoe nini, na nikikitoa naweza kukirudisha?

Mwaka 2023 Wakenya walibishana sana juu ya Worldcoin, mradi ulioasisiwa na Sam Altman na wenzake. Watu walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC, Nairobi, wapigwe picha ya mboni za macho kwa mashine ya duara. Malipo yalikuwa sarafu ya kidijitali yenye thamani ya takriban shilingi 7,000 wakati ule. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ikasimamisha shughuli hiyo.

Kulikuwa na pande mbili, na kila upande ulikuwa na hoja. Wengine walisema: maisha ni magumu, jicho ni langu, na shilingi 7,000 zalisha nyumba. Wengine wakasema: picha hiyo itakaa wapi, na nani atakuwa nayo miaka kumi ijayo? Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru data hizo za kimwili zifutwe ndani ya siku saba.

Tusiwacheke waliopanga foleni. Dhiki haichagui. Tuchukue kipimo tu: PIN yako ikijulikana, utaibadilisha kwa dakika moja. Mboni ya jicho na alama ya kidole huzibadilishi. Kitu kisichobadilishika kitake maswali mengi zaidi kabla hujakitoa: nani anakichukua, kwa kazi gani, atakihifadhi wapi, na ukitaka kifutwe utamwendea nani?

Swali la 4: Nikiamini habari hii, nani anafaidika?

Habari ya kawaida hukuacha ukae ukafikiri. Habari ya tapeli hukusukuma: "fanya sasa", "zimebaki dakika kumi", "usimwambie mtu". Ukiona habari inakuelekeza utume pesa kwa namba fulani, ubonyeze kiungo, au utaje PIN, mabishano yamekwisha. Hata kama nusu ya kwanza ni kweli, ile nusu ya pili ni mtego.

Ukishasikia habari, fanya hivi

- Usitoe wala usihamishe pesa kwa sababu ya uvumi. Angalia salio lako kwanza kwa menyu ya kawaida.
- Muamala ukikwama, usirudie mara tatu mfululizo. Subiri, angalia salio na taarifa ya miamala, kisha ndipo uamue.
- Piga namba rasmi ya huduma kwa wateja. Usipige namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe uliotumiwa.
- PIN haitajwi kwa yeyote: si wakala, si jamaa, si anayejiita mfanyakazi wetu.
- Mwenzako akikosea barazani, msahihishe kwa upole. Anayeaibishwa mbele ya watu hatauliza tena, na asiyeuliza ndiye anayeibiwa.

Jipime

Soma ujumbe huu wa mfano: "Kamba ya baharini imekatika! Salio zote zitafutwa saa sita usiku. Linda pesa zako, tuma kwa namba hii ya hifadhi."

Je, kipi chaweza kuwa kweli, na kipi ni mtego?

Jibu: Kamba kukatika kwaweza kuwa kweli, maana imewahi kutokea. Salio kufutwa si kweli, kwa sababu salio halikai ndani ya kamba. Na "namba ya hifadhi" ni ya tapeli, maana hakuna kampuni inayolinda pesa za mteja kwa kumtaka azitume kwa namba ya mtu. Ukimaliza kusoma, mtumie somo hili mmoja wa nyumbani ambaye hupokea ujumbe wa aina hii mara kwa mara, kisha mketi mjadiliane.