Kilo Zinazorudi: Kwa Nini Mlo wa Kujinyima Hushindwa, na Nini Hudumu

Katika kazi yetu, kila anayenunua bidhaa au huduma huitwa mlaji. Katika somo hili jina hilo limekaa mahali pake hasa, kwa kuwa tunazungumzia chakula, mwili, na fedha ambazo watu hutumia ili wapungue. Ukimaliza kulisoma, utaweza kueleza kwa nini uzito uliopotea kwa haraka hurudi, kuchagua njia inayodumu, na kuipima ahadi ya muuzaji kabla ya kulipa.

Mwili hujilinda

Watu wengi waliopungua kisha wakanenepa tena hujilaumu kwamba hawana nia thabiti. Lawama hiyo haiwastahili. Chakula kinapopunguzwa ghafla, mwili hujihami kama uliokumbwa na njaa: hupunguza matumizi yake ya nishati na kuongeza hamu ya kula.

Wiki ya kwanza hudanganya. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikamana na gramu tatu hivi za maji. Akiba inapotumika, maji nayo hutoka. Mizani huonyesha kilo kadhaa zimepungua, ilhali mafuta yaliyoyeyuka ni kidogo. Siku mtu anaporudia ugali au wali wake, maji hurudi pia.

Baada ya hapo ndipo kazi huwa ngumu. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliopewa mlo wa nishati ndogo sana kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye, homoni za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudia hali ya awali, na watu hao walisikia njaa zaidi kuliko kabla ya kuanza. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani nao walieleza habari za washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, miaka sita baada ya shindano hilo. Kwa wastani kila mmoja alikuwa amepoteza kilo 58, na kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi. Aidha, miili yao ilitumia takriban kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa.

Nini hudumu

Mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari ulionyesha njia ya wastani. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki, huku washiriki wakipewa ushauri wa karibu. Waliofuata mpango huo walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na ushee. Kiasi hicho hakivutii kwenye tangazo, lakini faida yake kwa afya ni kubwa.

Kabla ya kuanza mpango wowote, jiulize: je, nitaweza kuuendeleza miaka mitano ijayo, nikiwa harusini, msibani, na katika mwezi wa kulipa ada za shule? Tunapendekeza hatua hizi:

1. Anza na vinywaji. Soda ya mililita 300 huweza kuwa na gramu 30 hivi za sukari, sawa na vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya aina hiyo isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Soda moja na vikombe viwili vya chai yenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja tayari vimevuka kiasi hicho.

2. Usiufute ugali; upunguze. Jaza nusu ya sahani mboga, robo ugali au wali, na robo maharage, samaki au nyama. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

3. Tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani ni mwanzo mzuri.

4. Jipime mara moja kwa wiki, kwa mizani ileile.

Mjamzito, mama anayenyonyesha, na mtu anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu wamwone daktari kwanza.

Ahadi za kutilia shaka

Ukiambiwa "kilo 10 kwa siku 7", "kula upendavyo", au "ni ya asili, haina madhara", simama. Chai nyingi za kupunguza kitambi zina majani ya sanamaki, ambayo huharisha. Kinachotoka ni maji na mabaki ya chakula, baada ya nishati karibu yote kuwa imekwisha kufyonzwa.

Hatari kubwa zaidi ni dawa iliyofichwa. Sibutramini iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hata hivyo, wadhibiti katika nchi mbalimbali wameendelea kuikuta ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba, bila kutajwa kwenye lebo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tafuta namba ya usajili, jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tunza risiti na kifungashio. Moyo ukienda mbio, au ukipata kizunguzungu, acha kutumia, nenda hospitali ukiwa na kifungashio hicho, kisha utoe taarifa kwa mamlaka husika.

Zoezi

Chukua tangazo moja la kupunguza uzito ulilopokea kwenye simu. Je, linataja muda gani, kilo ngapi na viambato gani? Linasema nini kuhusu mwaka wa pili? Kama halisemi lolote, fedha zako zibaki mfukoni.