Springi ya Mizani: Aina, Uchakavu na Ubadilishaji Wake

Katika masoko ya Nachingwea na Ruangwa, mlaji hukutana na mizani za namna mbalimbali. Mizani ya mawe hulinganisha bidhaa na jiwe lenye uzito unaojulikana. Ile ya kuning'inia, yenye uso wa duara na mshale, hutegemea springi ya chuma, na springi huchakaa.

Kutu ikila waya, springi hulegea na kuvutika zaidi kwa uzito uleule. Mshale husoma juu, na mnunuzi hulipia nyama ambayo hakupewa. Wengi hutazama tu iwapo mshale umesimama kwenye sifuri. Ni jambo jema, lakini halitoshi, kwani mshale huweza kurudishwa kwenye sifuri kwa kuzungusha skrubu huku springi ikibaki mbovu. Kosa hudhihirika mzigo unapoongezeka. Omba kutundika chupa nne za maji za lita 1.5 ambazo hazijafunguliwa: mizani sahihi itaonesha kilo 6 na zaidi kidogo, kwa sababu ya plastiki.

Springi mpya nayo ina hatari yake. Waya wake ukiwa mnene kuliko wa awali, mshale husoma chini, na hapo anayepunjwa ni mkulima anayeuza ufuta. Ndiyo maana ubadilishaji hufanywa na fundi mwenye leseni ya Wakala wa Vipimo, na mizani huhakikiwa upya kabla ya kurudi sokoni, hata kama uhakiki wake wa mwaka haujaisha muda. Ukikuta mizani isiyo na stika ya mwaka husika, tuarifu kupitia ofisi yetu ya Mkoa wa Lindi.